Albamu za mwambao wa Tanganyika zinazostahili heshima zaidi

Mwulize Mtanzania yeyote mpenda muziki akutajie wasanii wenye asili ya Kigoma. Hatachelewa. Atakutajia Diamond Platnumz, Ali Kiba, Mwasiti, Linex, Baba Levo na Peter Msechu. Akiwa mtu mzima kidogo, atamwongeza marehemu Shem Karenga. Sasa mwombe akutajie albamu moja tu ya mmoja wao, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Hapo wengi watakwama. Wimbo mmojammoja wanao kichwani, pengine na kiitikio chote, lakini kazi nzima ambayo msanii aliipanga na kuipa jina imepotea.

Hilo si kosa la kumbukumbu za watu. Muziki wa mwambao wa Ziwa Tanganyika umezaa albamu zinazoweza kuwekwa bega kwa bega na kazi bora za Afrika Mashariki, ila karibu zote zilirekodiwa mbali, zikauzwa mbali na kupewa utambulisho wa miji mingine. Nyumbani zilirudi vipandevipande: wimbo mmoja redioni, mwingine harusini, mwingine kwenye memori kadi. Albamu hizi zimekosa heshima kwa sababu ya njia zilizopitia, wala si kwa upungufu wa ubora, na nitajaribu kulionesha hilo kwa kuzipitia zile ambazo naamini zimedhulumiwa zaidi.

Kwanza tuelewane kuhusu mwambao wenyewe. Ziwa hili lina nchi nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Mpaka umechorwa majini, lakini watu wa pande hizi hawajawahi kuishi kana kwamba umechorwa mioyoni mwao. Mha wa Kigoma na Mrundi huelewana kila mmoja akizungumza lugha ya kwao. Ujiji kuna Wamanyema ambao mababu zao walivuka kutoka ng'ambo, kutoka Maniema, nchi ya Kasongo na Kindu, enzi za misafara ya mfanyabiashara Tippu Tip na wenzake. Kiswahili kilichoingia Maniema kilipitia Ujiji. Kwa hiyo anayetafuta muziki wa Kigoma na kuishia kwenye mpaka wa mkoa ataona nusu ya picha tu.

Katika kuchagua nimetumia vigezo vitatu. Kazi iwe na mizizi katika ukanda huu, ama kwa mtu, ama kwa lugha, ama kwa ngoma. Iwe imejengwa ikajengeka, nyimbo zake zikibebana. Na heshima iliyopewa, hasa nyumbani, iwe ndogo kuliko inayostahili.

Kwa nini Kigoma haikuwa na albamu zake

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na kutoka hapo hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 1,250. Umbali huo ulikuwa na maana kubwa kwa mwanamuziki. Baada ya Uhuru, mlango wa kutokea kisanii ulikuwa mmoja: Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD). Hadi mwaka 1994, Radio One ilipoanza, Tanzania Bara nzima ilisikiliza redio moja ya ndani, na redio hiyo ndiyo iliyokuwa pia na studio ya kurekodia bendi. Wimbo uliorekodiwa pale ulibaki kwenye utepe wa redio, ukapigwa salamu kwa salamu, ukapendwa nchi nzima, lakini haukuwa bidhaa ya kununua. Waliotaka santuri walitazama Nairobi, ambako ndiko zilikochapwa, na mara nyingi zilikuwa za nyimbo mbili, mmoja kila upande. Tangu mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa mwaka 1977 hadi ulipofunguliwa tena mwaka 1983, hata njia hiyo ilikuwa nyembamba.

Katika mfumo huo, kipimo cha kazi ya mwanamuziki kilikuwa wimbo. Bendi za mikoani ziliumia zaidi, maana zilikuwa mbali na studio na mbali na wafanyabiashara wa santuri. Shem Karenga ni mfano mzuri. Alizaliwa Bangwe, Kigoma, mwaka 1950, akaanzia Lake Tanganyika Jazz ya kwao, kisha akahamia Tabora na kung'ara na Tabora Jazz, wana Segere Matata. Ndiye mtunzi wa "Dada Asha", wimbo ambao hadi leo ukipigwa kwenye ukumbi wa wazee hakuna anayebaki kwenye kiti. Alifariki dunia Desemba 2014. Mtunzi wa hadhi hiyo alistahili albamu iliyopangwa vizuri akiwa hai, yenye maelezo ya kila wimbo: nani alipiga solo, nani aliimba sauti ya pili, wimbo ulirekodiwa lini. Mashabiki wamebaki na nyimbo zake zilizotawanyika, nyingi zikiandikwa jina la bendi bila jina lake.

Ndiyo maana, kwa kipindi cha muziki wa dansi, anayetafuta albamu za ukanda huu inabidi aangalie walikokwenda watu wake.

Ngoma zilizozunguka dunia bila wenyewe

Albamu ya kwanza kuitaja haina gitaa hata moja. Mwaka 1967 Mfaransa Michel Vuylsteke alirekodi muziki wa asili nchini Burundi, na kampuni ya Ocora ya Ufaransa ikautoa kama santuri ndefu. Kipande kilichoipa umaarufu ni cha wapiga ngoma wa Bukirasazi, karibu na Gitega.

Sikiliza jinsi ngoma hizo zinavyogawana kazi. Katikati kuna inkiranya, ngoma kuu, ambayo mpigaji wake ndiye anayeongoza mabadiliko. Pembeni kuna amashakwe, zinazoshika mdundo mmoja bila kuchoka, na kuna ibishikizo, zinazofuata inkiranya inakokwenda. Ngoma hizi huchongwa kwenye gogo la mti ambao Warundi wenyewe huuita umuvugangoma, yaani mti unaofanya ngoma iseme. Ukishazijua sehemu hizo tatu, sauti inayoonekana kama ngurumo moja hupanguka: unasikia swali, unasikia majibu, na unasikia msingi ambao hautikisiki. Mtu wa Kasulu au Kibondo hahitaji kufafanuliwa sana, kwa kuwa utamaduni wa Waha na wa Warundi unakaribiana mno.

Kilichoipata santuri hiyo baadaye ni somo. Mwaka 1971 ilitoka rekodi iitwayo "Burundi Black", ambamo Mfaransa Mike Steiphenson alichukua ngoma zilezile na kuzifunika kwa vyombo vya kisasa. Iliuzwa Ulaya, ikaingia kwenye chati za Uingereza. Mwaka 1975 mwimbaji wa Kanada Joni Mitchell aliutumia mdundo huo katika wimbo wake "The Jungle Line". Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980, vikundi vya vijana wa London kama Adam and the Ants na Bow Wow Wow vilijenga mtindo mzima juu ya mapigo ya aina hiyo. Dunia ilicheza ngoma za Burundi kwa zaidi ya miaka kumi, huku wapiga ngoma wa Bukirasazi wakikosekana kwenye orodha ya watunzi.

Hata wanaoifahamu santuri hiyo huishia kwenye ngoma. Wanapitwa na upande wake wa upole: mzee anayepiga inanga na kuimba kwa mnong'ono, sauti ikilazwa juu ya nyuzi hadi huwezi kutenga maneno na muziki, na wasichana wanaosalimiana kwa akazehe, salamu ndefu ya kuimbwa ambamo sauti mbili hufuatana na kupishana kama wenye mbio za kupokezana. Mpangilio huo wa kishindo na mnong'ono ndio unaoifanya kuwa albamu kamili. UNESCO iliingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014. Ni heshima kubwa, lakini ilikwenda kwa ngoma kama mila. Rekodi iliyowapeleka wapigaji wale kote duniani bado haijulikani hata kwa majirani zao wa Kigoma.

Mtoto wa Kindu na sauti ya mnyonge

Sasa tufike kwenye albamu ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo kubwa kuliko zote hizi: "Songs for the Poor Man" ya Remmy Ongala na Orchestra Super Matimila, iliyotoka mwaka 1989.

Remmy alizaliwa mwaka 1947 katika eneo la Kindu, Maniema. Jina lake kamili, Ramazani Mtoro Ongala, lina historia ya njia ya Ujiji ndani yake: ni jina la Kiislamu na la Kiswahili la mtu aliyezaliwa mamia ya kilomita magharibi ya ziwa, katika nchi ambayo Uislamu na Kiswahili vilifikishwa na misafara iliyovukia hapa. Mwaka 1978 alifika Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy ya Mzee Makassy, bendi iliyokuwa imehama Uganda katika miaka ya Idi Amin.

Makassy wenyewe wana albamu inayostahili kufufuliwa, "Agwaya", iliyorekodiwa Nairobi na kutolewa na kampuni ya Virgin ya Uingereza mwaka 1982. Humo mna "Mambo Bado" wa Remmy, na anayemjua Remmy wa baadaye atatambua tabia zake zote zikiwa changa: sauti ya kukwaruza kidogo, maneno ya mtu anayeongea na jirani, na uvumilivu wa kuuacha wimbo upate moto wenyewe. "Agwaya" ilibahatika kupata kampuni kubwa, lakini haikubahatika kupata soko. Iliuzwa kwa Wazungu ambao hawakuelewa maneno, na Waswahili waliokuwa na kiu nayo hawakuwa na jinsi rahisi ya kuinunua. Hata hivyo uimbaji wake wa kupokezana, wa sauti zinazopanda ngazi moja baada ya nyingine, ni wa kiwango ambacho bendi chache za wakati ule zilikifikia.

Baada ya hapo Remmy aliiongoza Matimila, baadaye Super Matimila. Mwaka 1988 walialikwa Ulaya katika matamasha ya WOMAD, na mwaka uliofuata wakaingia studio za Real World, kampuni ya mwanamuziki Peter Gabriel, katika kijiji cha Box nchini Uingereza. Ndiko ilikozaliwa "Songs for the Poor Man".

Ubora wake wa kwanza ni nafasi. Studio za RTD zilirekodi bendi nzima kwa pamoja, na mara nyingi vyombo vilirundikana. Hapa kila gitaa lina kiti chake. Solo inacheza juu, kwa misemo mifupi inayorudiwa na kubadilishwa kidogokidogo; gitaa la pili linaijibu kabla haijamaliza; rithimu inatandika mkeka chini yao; na besi, badala ya kutembea tu, inaruka na kuacha mapengo ambayo tumba inayajaza. Katika "Karola" unaweza kufuata chombo kimoja tu kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha ukarudia wimbo kwa kufuata kingine, na kila mara utapata wimbo mpya.

Ubora wa pili ni mpangilio. Albamu inatembea kati ya mapenzi na umaskini bila kubadili sauti ya msemaji. Anayelalamikia moyo katika "Kipenda Roho" ndiye huyohuyo anayesimama upande wa walalahoi katika "Sauti ya Mnyonge". Hapo ndipo albamu inapoushinda wimbo mmoja. Ukisikiliza "Kipenda Roho" peke yake, kama wengi wetu tulivyozoea, unapata wimbo mzuri wa mapenzi. Ukiusikiliza ukiwa umezungukwa na hizo nyingine, unaelewa kwamba kwa Remmy mnyonge ana haki ya kupenda pia, kwamba maskini si mtu wa kuhurumiwa tu bali ana moyo, ana wivu, ana hamu na ana falsafa. Hoja hiyo haimo katika wimbo wowote mmoja. Imo katika albamu.

Mwaka 1992 alirudi kwa Real World na "Mambo", iliyotayarishwa na Rupert Hine. Imeng'arishwa zaidi, ina nyimbo za Kiingereza, na ina nyakati nzuri. Lakini ndani yake mwimbaji anajieleza kwa mgeni. Katika ile ya 1989 anaongea na watu wa mtaani kwake Sinza, na mgeni akitaka atasikiliza mlangoni. Ndiyo maana ile ya kwanza haijazeeka.

Tuangalie pia ilivyopokelewa. Nje, "Songs for the Poor Man" hutajwa na wakusanyaji wa muziki wa Afrika kwa heshima zote. Nyumbani, Remmy anakumbukwa kwa vituko vyake, kwa jina la kituo cha Sinza kwa Remmy, na kwa "Mambo kwa Soksi", wimbo wa kuhimiza kondomu wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ambao redio ya taifa ilikataa kuupiga. Alipofariki dunia Desemba 2010, alisifiwa kama mtu. Kazi yake kubwa, yenye nyimbo zilizopangwa kwa akili, haikuchambuliwa inavyostahili. Tumeisifu nafsi ya mtunzi na kuiacha kazi aliyoitunga.

Wapo wengine waliotoka ng'ambo ya ziwa na kukumbwa na hali hiyohiyo, nami nawataja kwa ufupi. Ndala Kasheba, fundi wa gitaa la nyuzi 12 kutoka Katanga, aliacha "Yellow Card" ya mwaka 2002, miaka miwili kabla ya kifo chake; ni albamu tulivu ya mzee asiyehitaji tena kushindana na mtu. Dekula Kahanga, maarufu kama Vumbi, mpiga solo wa zamani wa bendi ya Maquis, anaishi Sweden, na mwaka 2019 alitoa "Opika". Humo gitaa la Dar es Salaam ya miaka ya 1980 linasikika likiwa halijapoteza makali, katika nchi ya theluji.

Kiswahili cha Bujumbura kilichopendwa Brussels

Khadja Nin alizaliwa Bujumbura mwaka 1959. Ni mji wa ziwani kama Kigoma, wenye mtaa wa Buyenzi ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya nyumbani kwa vizazi. Alihamia Ubelgiji mwaka 1980, na miaka ya 1990, akishirikiana na mpiga gitaa Nicolas Fiszman, alitoa albamu zilizojaa Kiswahili: ya kwanza mwaka 1991 kwa jina lake mwenyewe, "Ya Pili" mwaka 1994, na "Sambolera" mwaka 1996.

"Sambolera" ndiyo ya kutafuta. Wengi wanamjua kwa "Sina Mali, Sina Deni", uliojengwa juu ya "Free" wa Stevie Wonder. Wimbo huo ulipigwa sana Ufaransa na Ubelgiji, ukamfanya aonekane kama mwimbaji wa nyimbo laini za hotelini. Albamu inakanusha. Sauti yake ni ya chini na haipigi kelele. Magitaa ya Fiszman yanaizunguka bila kuibana. Na Kiswahili chake kina lafudhi ya ziwani, si cha Unguja wala cha Kariakoo. Kwa msikilizaji wa Kigoma, ni kama kumsikia shangazi akiimba jikoni, ila studio ni ya Ulaya.

Na mwaka wenyewe una uzito. Tangu Rais Melchior Ndadaye auawe Oktoba 1993, Burundi ilikuwa vitani. Mwaka 1996 vita vikawaka pia Kivu ya Kusini, wakimbizi wakavuka ziwa kwa maboti, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa wilayani Kasulu. Katika mwaka huohuo, sauti ya mwanamke wa Bujumbura ilikuwa inauzwa Ulaya kwa Kiswahili. Waliokuwa wakiihitaji zaidi sauti hiyo ya majonzi na faraja walikuwa chini ya maturubai ya Nyarugusu, na albamu haikuwa na njia ya kuwafikia. Sijui mfano mwingine unaoonesha waziwazi namna hii jinsi soko la muziki linavyoweza kumpita mwenye muziki.

Bongo Fleva: mtindo wa nyumbani, albamu zilizomezwa

Kizazi cha Bongo Fleva kilitakiwa kuwa tofauti, maana hakikulazimika kwenda ng'ambo. Studio zilikuwa Dar es Salaam, wasambazaji walikuwa Kariakoo, na mwanzoni kanda, baadaye CD, ziliuzwa hadi Mwanga na Ujiji, Kigoma. Bado albamu zilimezwa, safari hii na nyimbo zake zenyewe.

"Cinderella" ya Ali Kiba ya mwaka 2007 ni mfano. Wimbo uliobeba jina la albamu ulivuma Afrika Mashariki nzima kiasi kwamba hakuna aliyegeuka kuangalia wenzake. Lakini sikiliza "Mac Muga", kisa cha mtu aliyekuwa nacho akafilisika. Kijana wa miaka ishirini tu anasimulia anguko la mtu mzima kwa hadithi fupi, wahusika wachache na sauti isiyolazimisha machozi. Huo ni usimulizi wa dansi ya zamani ndani ya mdundo wa kompyuta. Wanaoandika historia ya Bongo Fleva husema ilikata uhusiano na muziki wa baba zao. Albamu hii, ya kijana ambaye ukoo wake unatoka Kigoma, inawapinga.

"Lala Salama" ya Diamond Platnumz, ya mwaka 2012, imepatwa na jambo jingine: imefunikwa na mafanikio ya baadaye ya mwenyewe. Baada yake zilikuja video za gharama, kolabo za kimataifa na, mwaka 2018, "A Boy from Tandale" iliyozinduliwa Nairobi. Hizo ni kazi za nyota. "Lala Salama" ni kazi ya mwimbaji ambaye bado ana wasiwasi. Katika nyimbo kama "Mawazo" na "Moyo Wangu", sauti yake inapanda kwa kulalama, inakatika, inarudi chini, na maneno yanabeba mzigo ambao baadaye ulibebwa na picha. Anayetaka kujua kwa nini taifa lilimpenda kabla hajawa tajiri aanzie hapo.

Mwaka huohuo wa 2012 ndipo ulipotoka "Leka Dutigite", wimbo wa pamoja wa wasanii wenye asili ya Kigoma, akiwemo Diamond mwenyewe, Mwasiti, Linex na Baba Levo, kwa msukumo wa Zitto Kabwe, aliyekuwa mbunge wa Kigoma Kaskazini. Si albamu, lakini hauwezi kuachwa. Kwa mara ya kwanza nyota wa Dar es Salaam walisema hadharani, tena kwa jina la Kiha, kwamba wanatoka mahali fulani na wanajivunia. Watu waliupokea kwa shangwe. Miaka saba baadaye, tarehe 31 Desemba 2019, Diamond alichagua uwanja wa Lake Tanganyika kuadhimisha miaka kumi ya muziki wake. Fahari ipo. Kilichokosekana ni kuigeuza fahari ya wimbo mmoja kuwa albamu ya wana Kigoma yenye midundo ya Kiha, Kiswahili cha Ujiji na wapiga vyombo wa mwambao. Linex alionesha njia alipotoa "Kimugina", ila akabaki peke yake njiani.

Pingamizi

Kuna watakaosema kwamba navuta kamba. Remmy alizaliwa Kindu na kuishi Sinza. Ali Kiba na Diamond wamekulia Dar es Salaam. Khadja Nin ni wa Burundi. Kigoma ina haki gani? Jibu langu ni kwamba kumiliki na kuwa chimbuko ni mambo mawili. Sidai kwamba Kigoma izimiliki albamu hizi. Nadai kwamba zisikilizwe pamoja, kwa sababu zina chimbuko la pamoja: njia ya kale ya Maniema hadi Ujiji, undugu wa Waha na Warundi, na Kiswahili cha ziwani. Anayezisikiliza kama mali ya Dar es Salaam, ya Brussels na ya Real World hataona zinavyoitikiana.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: kwamba Waswahili ni watu wa wimbo, na albamu ni mtindo wa kuletwa. Lakini kumbuka enzi za kanda. Kuruka wimbo kwenye kaseti ilikuwa kazi, kwa hiyo upande A ulisikilizwa wote, ukageuzwa, upande B ukasikilizwa wote. Watu waliijua kanda kwa mfuatano wake; wimbo mmoja ukiisha, mdomo ulikwishaanza unaofuata. Kwa hiyo usikivu wa kazi nzima tulikuwa nao. Uliondoka na chombo.

Angalia kilichochukua nafasi yake. Pale Kibirizi, Kigoma, maboti yanapopakia mizigo ya kwenda vijiji vya mwambao na ng'ambo, hutakosa kijana mwenye kompyuta na spika anayejaza nyimbo kwenye memori kadi na flashi. Mteja analipa kidogo, anapewa mamia ya nyimbo. Fungua faili moja: kuna jina la wimbo, mara nyingi limekosewa, pengine na jina la msanii. Mwaka hakuna. Mtunzi hakuna. Albamu hakuna. Hizo nyimbo zitasikilizwa Kalemie, Uvira na Mpulungu, kwa hiyo kijana huyo anafanya usambazaji ambao kampuni kubwa hazikuwahi kuufanya. Lakini kila anapojaza kadi, albamu inavunjwa tena.

Kinachoweza kufanyika

Dawa ya kwanza iko mikononi mwa TBC, iliyorithi tepe za RTD. Nyimbo za Tabora Jazz, za Lake Tanganyika Jazz na za bendi nyingine za magharibi zipangwe kwa bendi na kwa mtunzi, zitolewe kwa mpangilio, zikiwa na majina ya wapigaji na tarehe za kurekodiwa. Albamu ya Shem Karenga ambayo hakuipata akiwa hai inaweza kukusanywa leo, na familia ikalipwa kupitia sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, ambayo ndiyo iliyoleta COSOTA, taasisi ya hakimiliki.

Ya pili ni ya redio za Kigoma zenyewe. Saa moja kwa wiki, albamu moja, bila kukatwa, na mtu anayeijua akieleza kati ya nyimbo. Gharama yake ni ndogo, na wasikilizaji wa Burundi na Kongo wataipata bila pasipoti.

Ya tatu ni ya Manispaa ya Kigoma Ujiji. Makumbusho ya Livingstone pale Ujiji yanasimulia jinsi Mzungu mmoja alivyokutana na mwingine mwaka 1871. Chumba kimoja cha kusikilizia muziki wa ziwa, chenye vipaza sauti vya masikioni, santuri ya Bukirasazi, "Agwaya", "Songs for the Poor Man" na "Sambolera", kingeeleza habari za watu waliopita hapo kabla na baada ya Wazungu hao wawili.

Ya nne ni ya wasanii chipukizi wanaorekodi leo kwa laptopu Mwanga na Gungu. Wanaambiwa watoe wimbo, wakipata namba watoe mwingine. Ushauri huo unalipa kodi ya mwezi, na siwalaumu wanaoufuata. Lakini wanastahili kujua kwamba watu wa mwambao wao walishajenga kazi nzima, zenye mwanzo, kati na mwisho, katika mazingira magumu kuliko yao. Anayetaka kuanza aanze na Remmy: "Songs for the Poor Man", kwa mpangilio wake, bila kuruka. Akimaliza aende kwa Khadja Nin, kisha arudi kwa Ali Kiba wa 2007, na atasikia jinsi kila mmoja anavyompokea mwenzake. Baada ya hapo, akiingia studio, hatauliza tena wimbo upi utatrendi. Atauliza nyimbo zake kumi, zikiwekwa pamoja, zinasema nini ambacho wimbo mmoja hauwezi kukisema.